Matofali ya Uwongo

Kila asubuhi mtaani Saio, Mama Kaswera alifunga madumu yake ya mafuta ya mawese, akamgombeza bintiye Kavira, kisha akaenda sokoni. Kavira alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini siku hizi alisomea jikoni, ameinamia simu.

“Ni iniversite gani ile ya jikoni?” mama aliuliza. “Mwalimu iko wapi?”

“Iko mu video, mama. Ni masomo ya kuanzisha biashara. Chuo ndio ilitupatia, na iko na pointi.”

“Biashara tunafundishaka kwa meza. Mutoto anakaa pembeni ya mama yake. Weye unafundishwa na mutu hajakuona?” Akafunga kitambaa chake. “Sikia. Ukishindwa ile masomo, minakata pesa ya mega ya simu. Unakuja kuuza mawese na miye.”

Kavira aliogopa. Yeye alitaka kuuza sombe, majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, aipeleke nyumbani kwa akina mama wanaofanya kazi ofisini.

Ikafika kazi ya kwanza. Kila mwanafunzi aandike mradi wake, wenzake wausome na kumshauri.

“Benzako bako wapi?” mama aliuliza.

“Bengine bako mbali, kule Djugu. Bengine hata sibajue.”

“Unapatia batu hubajue siri ya biashara? Siye tunauzaka kinywa kimefungwa.”

Mtoto mtiifu huyo! Akaficha sombe, akaandika kwamba atafyatua matofali. Wenzake wakamshauri kwa moyo wote. Udongo utautoa wapi? Kuni za kuchomea je? Kavira hakujua hata tofali linakaukaje. Alichanganyikiwa kabisa. Mama akachungulia simu, akachanganyikiwa zaidi.

“Sasa uko najenga nini?”

Pointi zikawa mbaya. Ilibaki kazi moja tu, na Kavira alilia. Jirani yao Félicien, anayesimamia masomo hayo chuoni, alikuja kununua mawese akamkuta hivyo. Akaelezwa yote.

“Mama Kaswera,” alisema, “masomo haya iko wazi kwa batu yote, lakini haiko muchezo. Video inafundisha nusu. Nusu ingine ni kuuliza banunuzi na kusikia benzako. Ukiandika uwongo, batakusaidia mu uwongo.”

“Na kama banaiba mawazo yake?”

“Sombe kila mutu anaijua. Bale ba Djugu batauza kwao. Bamama ba Saio, nani atabauliza kama haiko Kavira?”

Mficha uchi hazai, na mama alilijua hilo. “Basi andika sombe,” alisema. “Lakini miye sielewe bado.”

Kavira akaandika ukweli. Mwenzake mmoja wa Djugu akamuuliza: akina mama hao wanarudi nyumbani saa ngapi? Kavira hakujua. Akatoka kuuliza majirani.

“Asubuhi hatukuwake ku nyumba,” alisema Clémence, muuguzi. “Utuletee jioni. Chumvi tutatia siye benyewe.”

Kumbe Kavira alikuwa amepanga kutwanga alfajiri! Akahamishia kazi mchana, na jioni sombe ikafika mbichi. Clémence alinunua, akaleta na wenzake. Kavira akaandika hayo yote katika kazi ya mwisho, na akafaulu.

Siku ya matokeo, Mama Kaswera aliketi karibu naye jikoni. Alifurahi, ila alikuwa na neno. Akashusha sauti.

“Uliza basi bale batu ba Djugu. Juu ya nini banunuzi yangu banakwenda kwa meza ya Agathe, muuza mawese mwenzangu?”

Kavira akamtazama, akaanza kuandika.

“Andika yote,” mama alisema. “Usifiche kitu.”