Sauti ya Wapenzi Wake Wote

"Nipimie chipsi za ndizi, na za jana usinitilie. Macho ninayo," Ambili alimwambia muuzaji.

Soko la Broadway, mjini Ernakulam, lilifurika watu wa manunuzi ya Onam, sikukuu ya mavuno, kila mmoja akimkanyaga mwenzake. Mwanamume mrefu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi na barakoa imemficha nusu ya uso, aligeuka ghafla.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini? Kwani wewe ndiye muuzaji?"

"Rudia chochote, hata matusi. Umenipenda filamu tatu wewe, na ile ya mwaka jana ukanifia mikononi."

Ambili aliyatazama yale macho juu ya barakoa, akayatambua. Alikuwa Nandan Mekkara, nyota mwenyewe. Wapenzi wake wa kwenye skrini waliletwa kutoka Mumbai bila kujua neno la Kimalayalam, lugha ya filamu zake, na Ambili ndiye aliyejifungia studio akiwatilia sauti. Nandan alitia yake siku nyingine. Hawakuwa wameonana hata mara moja.

"Kumbe una uso," Nandan alisema.

"Usiye na uso ni wewe. Vua hiyo barakoa tuone kama hela zetu za tiketi zilikwenda halali."

Hakuvua. Na hapo ndipo ulipoanzia ugonjwa wao.

Mapenzi yao yakawa ya kofia na barakoa, ya simu za chini kwa chini. "Umekula, malkia?" "Nimekula. Wewe je, mume wa watu wote?" Varkey, mtayarishaji wa filamu zake, alishamwekea sharti: asionekane na mwanamke. Wasichana, alisema, hawalipi kiingilio kumtazama mume wa mtu.

Ambili alivumilia mpaka kaka yake Ratheesh alipoleta habari za mhasibu wa Muscat anayetafuta mke. Siku hiyo alimpigia Nandan bila utani.

"Njoo Jumapili na mama yako, mnione nyumbani kama watu wanavyoonana. Ukija, kaka atamkatalia wa Muscat."

"Nitakuja, roho yangu. Hata inyeshe mvua ya mawe."

Jumapili Ambili alivaa sari ya kijani, akapachika asumini nyweleni, akasimama jikoni na sinia ya chai, maana msichana anayejiwa kuonwa ndiye huwapelekea chai watu wa mchumba. Wajomba walijaa sebuleni. Chai ikapoa, ikachemshwa upya, ikapoa tena. Simu ya Nandan ilikuwa imezimwa. Mjomba mkubwa alipoinuka na kudai ana safari, mama yake Ambili aliingia chumbani akalia kwa aibu. Ambili hakulia. Alibadilisha namba ya simu, kisha akamwambia kaka yake, "Mwite wa Muscat."

Mgeni huyo alitarajiwa Alhamisi. Jumatano Ambili aliitwa studio, Kakkanad, kumalizia filamu mpya ya Nandan. Angekataa, lakini kazi ni kazi, na hasira zake hazikumhusu mwingine.

Shaiju, fundi wa sauti, alimkwepa macho. "Nandan alimaliza yake jana. Anza na ile ya kituo cha treni."

Ambili alivaa vipokea sauti. Kwenye skrini Nandan alimpa mgongo yule binti wa Mumbai, akaanza kuondoka taratibu pembeni mwa reli. Mgongo hauna midomo. Hapo mwigizaji anaweza kutia maneno yoyote na mtazamaji asijue. Karatasi ya Ambili ilisema atasikia Nandan akimwambia binti: Nisahau, Meera.

"Ambili," ikasema sauti ya Nandan. "Jumapili nilifika mpaka kona ya kwenu, mama yupo garini na sari yake mpya. Watu wakanitambua, wakatoa simu. Varkey akapiga, akasema picha zikitoka mimi na yeye basi. Nikageuza gari. Sikuzuiwa na mtu, niliogopa tu. Ukisikia haya, nitakuwa kibanda cha chai hapo nje mpaka utoke. Bila kofia."

Ambili alivua vipokea sauti. Hakujua kilichompanda ni hasira au mapenzi. Pengine vyote.

"Nifute?" Shaiju aliuliza.

"Ngoja kwanza."

Nje, kibanda kilizungukwa na watu walioinua simu. Nandan aliketi kwenye benchi kichwa wazi, ndevu hazijanyolewa, kikoi cheupe kiunoni. Kando yake alikaa mama yake, Bi Sarojini, katika ile sari mpya. Mezani simu ilikuwa ikiita: Varkey.

"Pokea," Ambili alisema.

"Achana naye."

"Jumapili ulimsikiliza peke yako. Leo na mimi nisikie."

Nandan akafungua spika.

"Una wazimu?" Varkey alifoka. "Umejaa mtandaoni! Huyo mwanamke ni nani? Sema ni shabiki, yaishe."

Watu wakasogeza simu zao karibu. Ambili alimkazia macho Nandan. Nandan akisema shabiki, yeye angeondoka na kesho angempelekea chai mtu wa Muscat.

Nandan aliinamia simu. "Ni Ambili. Ndiye niliyekuja kumwona na mama yangu."

"Basi tafuta mtayarishaji mwingine." Simu ikakatika.

Nandan aliigeuza simu kifudifudi. "Pengine sina kazi tena," alisema polepole.

"Mimi ninayo. Na bado nimekukasirikia, usijidanganye."

Ambili alichukua sinia mikononi mwa muuza chai, akaweka sawa mtandio wake, akainama. Alianza na Bi Sarojini, maana mkubwa ndiye hupewa kwanza. Mama huyo alimtazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili, akanywa funda moja.

"Sukari kidogo," alisema, "lakini nimependa."

Glasi ya pili ikaenda kwa Nandan. Ambili alingoja mpaka akanywa, ndipo akampigia kaka yake.

"Kaka, mwambie wa Muscat asisumbuke. Wale wageni wa Jumapili wamefika."