Jeneza la Mzee Suleimane

Jeneza la msikiti lilikuwa limeibwa. Si zulia, si kipaza sauti, si sanduku la sadaka. Jeneza la kubebea maiti! Lahaula, duniani kuna wezi.

Imamu aligundua Ijumaa asubuhi, alipokuwa akifagia. Saa nne Inspekta Rosalina alishafika kutoka mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, pamoja na konstebo wake, Khamis. Kijiji kilikuwa kipya, kimejengwa kwa watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Nyumba za matofali, zote sawasawa, kila mlango na namba yake. Watu walichungulia madirishani, lakini hakuna aliyesema karibu.

"Labda mtu alitaka kuni," alisema Rosalina. Yeye Mmakonde wa Mueda, Mkristo, na mambo ya msikiti hakuyajua.

"Hapana, Chefe," alisema Khamis, kama alivyozoea kumwita mkuu wake. "Hakuna Mwislamu anayepikia jeneza. Aliyelichukua ana maiti."

Rosalina akamgeukia imamu. "Nani amekufa hapa?"

"Hakuna. Tangu tuhamie huu ni mwezi wa nane, hajafa mtu. Makaburi tuliyopewa hayana hata kaburi moja."

Basi ilikuwapo maiti isiyo na taarifa. Huo haukuwa wizi tena. Rosalina alifungua daftari ukurasa mpya.

Walianzia dukani kwa Abdurrazaque, ambaye babu yake alikuja pwani hii kuuza vitambaa, kutoka kijiji kimoja cha Gujarati, India.

"Nani alinunua bafuta ya sanda wiki hii?" aliuliza Rosalina, kama Khamis alivyomshauri.

"Watu hununua, senhora."

"Nani?"

"Mzee Suleimane. Namba mia na kumi na nne. Jumatano."

"Alinunua kiasi gani?"

"Nilimkatia vipande vitano."

Khamis aliguna. "Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu, Chefe. Vitano ni mwanamke."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza?" Rosalina alimkazia macho mwenye duka.

"Nilijua. Babu yangu alikata roho akikitaja kisima cha kijijini kwao. Tukamzika Palma, tungefanyaje? Mtu akitaka kumrudisha maiti wake kwao, mimi simzuii."

Mzee Suleimane walimkuta barazani peke yake, akimenya muhogo.

"Shikamoo, babu," alisema Khamis.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mkeo yuko wapi, mzee?" aliuliza Rosalina.

"Mwanaasha? Kaenda Mtwara, kwa dada yake."

"Lini?"

"Jumatano."

Rosalina aliomba ruhusa, akaingia ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chini yake, ndala za kike. Ukutani ulining'inia mfuko wa plastiki, na ndani yake bilhete, kitambulisho cha Mwanaasha. Alitoka nacho mkononi.

"Kavuka mpaka bila bilhete? Bila ndala?"

Mzee alichukua muhogo mwingine. Jirani wa namba mia na kumi na tano akadakia kutoka uani kwake: "Walikuwa hawasemezani hao! Tangu wahamie sijasikia mke akimwambia mumewe neno!"

"Mkewe anaitwa nani?" Rosalina alimuuliza.

Jirani alifungua kinywa, akakifumba. Miezi minane, na hakulijua hata jina.

"Mzee, ulimuua?"

Kisu kikatua chini. "Nilimuua, mwanangu. Siku ile nilipoweka dole gumba."

"Dole gumba wapi?"

"Kwenye karatasi yao ya kuhama. Yeye alikataa. Watoto wetu watatu wamelala kule Mkwajuni, kijiji chetu cha zamani, walikufa wachanga. Vikaburi vyao havina alama, havikuingia kwenye orodha ya kuhamishwa. Nikaweka dole bila kumwambia. Tulipopakia vyombo akaninunia. Alinipikia, alinifulia, neno hakunipa. Nyumba moja, watu wawili, kila mtu peke yake! Kifua kikamshika, akakataa hospitali. Jumatano asubuhi ndipo akafungua kinywa. 'Usinilaze makaburini kule kusiko na mtu. Nipeleke kwa wanangu.' Hayo tu, akakata roho."

"Kwa nini hukuita watu?"

"Wangemzika hapa, ndiyo amri. Na nimwite nani? Ndugu zangu wametupwa mtaa wa mwisho kule. Huyu jirani namjua kwa namba. Nilimwosha mwenyewe, mume ana ruhusa. Mchana mvua ikanyesha, watu wote ndani. Nikachukua jeneza, nikalifunga kwenye mkokoteni. Sikutaka aende kama gunia la muhogo."

Walipita zahanati kwanza. Daftari la muuguzi lilikuwa na jina la Mwanaasha mara tatu: nimonia, apelekwe hospitali ya Palma, mgonjwa amekataa. Kisha wakaenda Mkwajuni.

Nyumba zilikwishabomolewa. Waliingia kwa upenyo kwenye uzio wa waya wa mradi, mzee mbele. Kaburi lilikuwa bichi, na pembeni vilima vitatu vidogo vilivyopaliliwa. Jeneza na mkokoteni vilikuwa palepale.

"Mbona hukulirudisha?"

"Kuja nilikuwa naye. Kurudi na jeneza tupu, peke yangu, nilishindwa."

Kisheria Rosalina angeweza kuagiza kaburi lifukuliwe, daktari aichunguze maiti, kisha ikazikwe kwenye makaburi mapya. Mzee alilijua hilo. Alipiga magoti mchangani.

"Nifungeni mimi. Msimtoe, mwanangu. Nimeshamtoa mara moja."

Rosalina alitazama pembeni. Mazishi ya mama yake kule Mueda aliyasikiliza kwa simu, kwa sababu ya zamu.

"Andika, Khamis. Kifo cha maradhi, ushahidi daftari la zahanati. Jeneza limepatikana. Jalada limefungwa."

Khamis aliandika haraka, akashika mkokoteni. Penye upenyo walikuta mafundi wawili wakishusha bunda la waya mpya.

"Tokeni upesi," alisema mmoja. "Leo tunapaziba. Hapaingii mtu tena."

Mzee Suleimane aligeuka akatazama kaburi la mkewe na vile vilima vitatu. Kisha akaweka mkono juu ya jeneza, wakaanza kutembea.

"Yeye ana watu," alisema. "Basi wa kwanza kuzikwa kule kwenye makaburi mapya nitakuwa mimi."