Dozi Mbili Alizokosa Xavery

Kila asubuhi, kijijini Kwihara, Gaudensia alifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti akiwa peke yake. Mama yake, Bi Apolinaria, alikuwa ameshaondoka na Xavery kwenda kliniki mjini Tabora. Xavery, mdogo wake Gaudensia, alikuwa ametumia unga wa heroini miaka minne huko Dar es Salaam. Sasa alikuwa amerudi nyumbani, na kila siku alikunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya heroini, mbele ya muuguzi.

Gaudensia hakuwahi kugusa hata sigara. Miaka yote hiyo ndiye aliyelima, akapika, akamfariji mama. Lakini sasa Xavery akipiga chafya tu, mama alitupa jembe akamkimbilia. Wivu ulimkaa Gaudensia kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu moja mama alikwenda Puge kumuuguza ndugu yake.

"Mwanangu, mpeleke mdogo wako kliniki," aliagiza. "Asikose hata siku moja."

Mama alipoondoka, Xavery alivaa viatu.

"Wapi tena, bwana harusi?" Gaudensia alimuuliza. "Majani yanaharibika hapa."

"Kliniki, dada."

"Unga si umeacha? Basi umepona. Hiyo dawa ni ulevi mwingine, wa kubembelezwa na mama. Kaa ufanye kazi kama wanaume wenzako."

Xavery alitamani sana dada yake amheshimu. Akavua viatu. Jumanne pia hakwenda.

Jumatano asubuhi Gaudensia alimkuta nyuma ya bani, kibanda cha kukaushia tumbaku. Alikuwa amejikunja, akitetemeka na kutokwa jasho. Simu ilikuwa mkononi.

"Nimempigia Lugembe, yule muuzaji," alisema. "Ananiletea unga kidogo tu. Nimeshindwa, dada."

Gaudensia alimkimbilia jirani yao Tekla, mhudumu wa afya. Tekla alikuja, akamshika Xavery mkono.

"Hii ni arosto," alieleza. "Mwili unadai dawa uliyoizoea. Uraibu ni ugonjwa, Gaudensia. Hautibiwi kwa masimango."

"Lakini methadoni si ulevi uleule?"

"Hapana. Daktari huipima ili imtulize, isimlevye. Utakapofika wakati, daktari ndiye ataipunguza taratibu. Haikatizwi ghafla. Tena mwili wake sasa hauuhimili unga kama zamani. Akirudia kiasi cha zamani leo, anaweza kuacha kupumua."

Gaudensia aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwonea wivu."

"Wivu?" Xavery alifumbua macho. "Mimi ndiye ninayekuonea wivu wewe. Mama hajawahi kukutilia shaka."

Gaudensia alichukua simu, akampigia Lugembe. "Usije. Ukija utanikuta mimi." Kisha wote watatu wakapanda bajaji hadi kliniki. Daktari alimpima Xavery kwanza, ndipo akaamua kiasi cha dawa.

Mama aliporudi, Gaudensia alimweleza yote, hata wivu wake.

"Wewe sikukuhofia," mama alisema. "Nikadhani hunihitaji."

Tangu siku hiyo walimsindikiza Xavery kwa zamu. Miezi mitano ikapita bila kukosa dozi. Alinenepa, na mchana alifanya kazi shambani.

Asubuhi moja Xavery alikwenda kliniki peke yake. Mama alivuta kigoda, akaketi karibu na Gaudensia, akashika kijiti.

"Umeamkaje, mwanangu?" aliuliza.

Gaudensia aliweka majani chini. Alikuwa na mengi ya kujibu.