Tangi Dogo la Kusubiri

Ndugu zangu, sogeeni niwaeleze jinsi wavu mdogo kuliko kiganja ulivyoinyamazisha nyumba ya watu wema. Nasema watu wema makusudi, maana balaa hili halibishi hodi kwa waovu peke yao.

Kila asubuhi katika nyumba hiyo, kabla ya chai, mzee mmoja alikaa mbele ya tangi kubwa la samaki sebuleni akawasalimu waliomo. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja wenye nguvu na maneno ya kuokoteza. Kwa watu alinyamaza. Kwa samaki ulimi ulikuwa ukifunguka kidogokidogo: mweusi mnene alimwita Shemeji, mwenye mistari Karani, na lile kundi la wadogo wasiotulia akaliita Wapangaji. Mkwewe, mpishi wa shule, alipoyasikia majina hayo kwa mara ya kwanza aliingia jikoni akalia kwa furaha.

Mwana wa mzee huyo alikuwa fundi friji, na mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Alimpenda baba yake kupita kiasi, ila subira ilimbana kama kiatu kidogo, akaivua kila alipopata nafasi.

Siku moja alirudi na samaki wa buluu ndani ya mfuko wa maji. Dada yake mkubwa alikuwa anakuja kumjulia baba hali, naye Chapuchapu alitaka akute tangi linapendeza. Mkewe, yule mpishi wa shule, aliupokea mfuko akaenda nao moja kwa moja mahali pa kufulia, kwenye tangi dogo la karantini, la kumtenga samaki mgeni hadi ijulikane hana ugonjwa. Halikuwa na pambo: kioo kitupu bila kokoto, hita, kifuniko, na kipande cha bomba ambamo mgeni angejificha. Chujio lake la sponji lilikuwa likikaa ndani ya tangi kubwa, likijaa vile vijidudu vizuri vinavyosafisha maji, ili mgeni akija lihamishwe likiwa tayari kwa kazi. Wavu na ndoo ya tangi hilo vilifungwa uzi mwekundu, visije vikachanganywa na vingine.

Mkewe akasema mgeni atakaa humo mwezi mzima. Chapuchapu alicheka, akauliza tangu lini samaki naye akaombwa viza. Mzee aliletwa kumwona, akanyoosha kidole kuelekea sebuleni. "Bado, baba," mkwewe alimjibu taratibu. Kila siku mzee aliuliza kwa kidole, na kila siku akajibiwa vivyo hivyo.

Kisha mke huyo akaitwa kwao kumuuguza mdogo wake. Alimwachia mumewe maagizo: abadilishe maji kiasi, aondoe mabaki ya chakula, amkague mgeni mwili mzima, na wavu wa uzi mwekundu usiguse tangi kubwa kamwe.

Na kwa kweli alijitahidi. Lakini siku dada alipokuwa njiani, Chapuchapu alikuwa akichota mabaki kwenye tangi dogo aliposikia simu ikiita sebuleni. Akaikimbilia na wavu mkononi, unachuruzika. Alipomaliza kuongea aliona jani lililooza likielea katika tangi kubwa. Akalichota. Mara moja tu, alijiambia.

Siku chache baadaye, dada akiwa bado pale, samaki wa buluu alitokwa na madoa meupe, mfano wa punje za chumvi. Halafu Shemeji naye akaanza kujisugua kwenye mawe. Chapuchapu aliyaona yote. Mkewe alipopiga simu kuulizia, alimwambia wote ni buheri wa afya. Akazima taa ya tangi kubwa, akalifunika kitambaa, akamwambia baba samaki wamepumzika. Dada akasifu nyumba ilivyo nadhifu, akaaga.

Mwanadamu hodari wa kufunika, lakini kitambaa hakijawahi kuwa dawa.

Asubuhi moja mzee alikivuta kitambaa kwa mkono wake mzima. Shemeji alikuwa amelala ubavu juu ya maji, na Wapangaji wengi pamoja naye.  Mzee akageuza kiti kikatazama ukuta, na tangu hapo hakumtamkia neno mtu wala samaki.

Mkewe aliporudi, Chapuchapu alikuwa ameandaa uongo kuhusu hali ya hewa. Alipokiona kile kiti, akauacha.

"Niliona mapema," alisema. "Nikakuficha."

"Ungeniambia siku ile ile, ningekuelekeza hata kwenye simu," mkewe alijibu. "Wavu ulileta ugonjwa. Waliokufa umewaua kwa kitambaa."

Wakatibu matangi yote mawili, wakapandisha joto polepole, wakatia dawa, wakabadilisha maji. Karani akapona, na Wapangaji wachache, na yule wa buluu.

Chapuchapu hakuweza kuustahimili ule ukimya. Madoa yalipotoweka tu, alimchota wa buluu kwenye jagi akampelekea baba. "Amepona, baba. Tumtie na wenzake ufurahi?"

Mzee aligeuza kiti. Alimtazama samaki, akamtazama mwanawe, akaufunika mdomo wa jagi kwa kiganja chake.

"Bado," alisema.

Chapuchapu alilirudisha jagi mahali pa kufulia machozi yakimtoka, akavuta ndoo ya uzi mwekundu, akaigeuza, akaikalia mbele ya tangi dogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na haraka ya kwenda popote.

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kukosea ni kwa kila mtu. Hata mwenye mapenzi makubwa huchovya wavu pasipostahili. Lakini kosa lililosemwa mapema hupata tiba, na lililofunikwa hula hata wasiohusika. Mgeni asubirishwe bila kuonewa haya, awe samaki, kuku au mbuzi wa zizini. Na wewe unayesikiliza, kama kuna kitambaa ulichokitandika juu ya jambo nyumbani kwako, kakivute leo, kabla anayekupenda hajakivuta mwenyewe.