Njuga Ndani ya Pijo

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya minazi Ashatu alipobeba chupa ya chai na sahani ya mihogo ya nazi, akazunguka uani kumpelekea mumewe. Mtoto wao, Lulu, alikuwa amelala mgongoni, kafungwa kanga, anapumua taratibu.

Uani ndiko ilikokuwa karakana: mabati machache juu ya nguzo, pale njia ya Kaole inapouacha mji wa Bagamoyo. Ridhiwani alikuwa fundi wa bodi za magari. Siku zile alikuwa na kazi moja tu, na aliionea fahari. Lilikuwa gari la Pijo la zamani, la wakati wa babu zao, ambalo mwenye gari alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani.

Ridhiwani alilivua injini, milango, vioo na viti, likabaki gamba. Kisha akaunda mtambo wa kuligeuzia. Miguu miwili ya chuma, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati bomba linalozunguka. Gamba likaning'inia hewani. Ukichomoa pini, unaligeuza kwa mkono, linalala ubavu, nawe unachomelea sakafu yake umesimama, badala ya kulala mavumbini huku cheche zinakudondokea usoni. Vijana waliopita njiani waliuita mshikaki.

"Fundi, haijaiva tu?"

"Bado ina damu," Ridhiwani huwajibu, nao hucheka wakaenda zao.

Jioni ile alimwomba mkewe amsaidie pini. Ashatu akatua sahani, akaichomoa. Ridhiwani akasukuma. Gamba likazunguka polepole, bomba likilia.

Na ndani yake kitu kikateleza.

Chwe... chwe... chwe...

Sauti ilitoka kwenye ule uwazi wa bati unaopita chini ya milango. Ridhiwani akasema ni kutu tu, imebanduka inacheza humo. Akarudisha pini, akaenda kutawadha.

Ashatu akatega sikio. Sauti ile aliijua. Ni ya njuga, zile za kuvalishwa watoto miguuni wanapoanza kusimama. Akainama kuiokota sahani.

Chwe... chwe...

Gamba lilikuwa limetulia tuli.

Mgongoni, Lulu akaamka. Hakulia. Alicheka.

Mwenye gari alikuwa Bi Jokha, mjane wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa mjini. Ashatu hakuwahi kumwona mtu mzima mwenye huruma kama yule. Kila Alhamisi alasiri alishuka kwenye bajaji na kifurushi mkononi. Leo halua, kesho poda ya mtoto, siku nyingine gauni alilolishona mwenyewe. Ashatu alipougua homa, Bi Jokha alikuja akampikia uji wa pilipili manga, kisha akakaa mchana kutwa akimpepea Lulu kwa kipepeo cha ukili. Akimaliza kwa mtoto, huchukua chetezo, akalizunguka gari na ubani, midomo inamcheza.

Sharti lake lilikuwa moja. "Lilaze ubavu upendavyo, mwanangu," alimwambia Ridhiwani. "Lakini usilipindue magurudumu juu. Marehemu aliniusia."

Ridhiwani akaitikia.

Mambo mawili yalimkera Ashatu moyoni. La kwanza, Bi Jokha alimsifu Lulu macho yake, nywele zake, vidole vyake, na hata siku moja hakusema mashaallah. Mtu mzima wa pwani, mwenye swala zake, anamsifuje mtoto wa mwenzake bila neno lile? La pili, siku ya kwanza kabisa, kabla hajauliza kama gari linatengenezeka, aliuliza kama mtoto ameshaanza kutembea. Alipoambiwa bado, alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Jirani yake, Bimdogo, ndiye aliyemsimulia mengine walipokuwa wakichambua mchele. Zamani Bi Jokha alikuwa na binti, Amal. Homa ilimshika ghafla, akakata roho ndani ya Pijo lile lile wakimkimbiza hospitali. Hata kutembea hakuwahi. Baada ya hapo mama mtu akawa kila magharibi anaingia garini, anakaa nyuma, anazungumza. Anazungumza na kungoja jibu. Marehemu mumewe akaingiwa na hofu, akaleta mganga, gari likazindikwa. Kilichofichwa humo hakuna anayekijua.

"Walimfungia nani humo, mie sijui," Bimdogo alisema kwa sauti ya chini. "Ila wewe, shoga, mwanao usimpe ampakate."

Ashatu aliona aibu kwa mashaka yake. Mama aliyefiwa, utamnyimaje mtoto wa kupakata? Alhamisi iliyofuata akampa Lulu kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja alikwenda sokoni kununua samaki, akachelewa. Aliporudi adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. Akasimama mlangoni.

Chwe... chwe... chwe...

Ndani ya nyumba.

Kikapu kikamponyoka. Lulu alikuwa amekaa mkekani, anapigapiga miguu. Kila mguu ulikuwa na njuga za fedha. Mbele yake alikaa Ridhiwani, anatabasamu.

Akaeleza bila kuulizwa. Kulikuwa na kiungo cha sakafu ambacho mkono haukifikii gari likiwa ubavu. Basi alilipindua, mara moja tu, na Bi Jokha hayupo wa kuona. Katika ule uwazi wa bati kikadondoka kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote. Ndani, njuga. Njuga alizomwahidi mwanawe tangu alipoanza kutambaa, na hakujaliwa kumnunulia. Alizisugua kwa limau zikang'aa.

"Nilitaka umkute nazo, Mama Lulu."

Ashatu aliitazama ile mikono iliyojaa alama za moto wa kuchomelea. Hakuweza kumgombeza.

"Na kitambaa?" akanong'ona.

"Nimekitia moto."

"Hodi..."

Haikuwa Alhamisi. Hakuna aliyemwita. Bi Jokha alikuwa amesimama kizingitini, hana kifurushi, hana chetezo, viatu mkononi kama mtu aliyekuja mbio.

"Mmelipindua," alisema.

Ridhiwani akaanza kuomba radhi. Bi Jokha hakumsikiliza. Alikuwa anatazama chini, mkekani.

"Amal," aliita.

Lulu hakuwahi kusimama bila kushikilia kitu. Akasimama. Akatembea. Hakuyumba, hakutafuta ukuta, alikwenda kama mtu anayeijua njia, na njuga zikalia hatua kwa hatua. Ashatu alimdaka akiwa amebakiza kidogo kufika mlangoni. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi.

Bi Jokha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Niliwaambia msilipindue, wanangu," alisema. "Si niliwaambia?"

Akaondoka. Ashatu hakulala kwa kuyafikiria maneno yale. Je, ni majuto ya mtu aliyejaribu kuzuia jambo? Au ni ya mtu anayejitoa lawamani? Fundi gani, akikatazwa kupindua gari wakati kazi inadai lipinduliwe, asingelipindua siku moja?

Jioni ile ile walikuwa wamezivua njuga. Ridhiwani alizifunga katika kitambaa kipya cheusi, akazirudisha katika uwazi wake, akachomelea bati juu yake, akaligeuza gari likasimama kama kawaida. Ashatu alisimama kando na mtoto kifuani, akisoma Ayatul Kursiy mpaka sauti ikamkauka. Usiku kucha karakana ilikuwa kimya. Na siku iliyofuata, na iliyofuata. Wakaambiana yamekwisha.

Alhamisi ikafika. Bajaji ikasimama.

Bi Jokha aliingia bila chetezo. Alipita pembeni ya Pijo lake bila kuligeuzia shingo. Hakuuliza habari za sakafu wala za rangi. Ashatu akamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa mkekani pale uani, akanyoosha mikono.

Ashatu alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Bibi, mtoto leo hajisikii vizuri. Basi. Maneno mepesi tu. Lakini aliutazama mkono ule uliompepea mwanawe mchana kutwa, uliomshikia yeye bakuli la uji kitandani, na maneno yakamkwama.

Lulu akateleza kutoka mapajani mwa mama yake.

Alitembea peku, miguu mitupu.

Chwe... chwe... chwe...

Ashatu aliitazama miguu ile. Hapakuwa na kitu. Akatazama karakana. Pini ilikuwa mahali pake, bati limechomelewa, gamba halitikisiki. Na sauti ilikuwa inatoka mkekani, hatua kwa hatua, mpaka mtoto alipofika kifuani kwa yule bibi, akalaza kichwa.

Bi Jokha akafumba macho, akamnusa utosini. Hapo ndipo neno alilolingoja Ashatu siku zote zile lilipomtoka, kwa kunong'ona, kama mama anayemkinga wa kwake.

"Mashaallah."

"Lulu," Ashatu aliita.

Akaita tena, kwa sauti.

Mtoto hakugeuka.