Chokaa ya Chumba cha Nyuma

Chokaa ilipakwa mara ya tatu Jumatano, na Alhamisi asubuhi ukuta ulikuwa umelowa tena. Zingelowa kuta zote mtu angesema ni masika, maana masika ya mwaka ule wa 1951 hapa Njoro, chini ya Kibo, yaliotesha ukungu hata ndani ya viatu. Lakini kuta tatu za chumba cha nyuma zilikauka, nyeupe pe. Ule wa nne, unaotazama mlimani, ulikuwa mkavu juu na mkavu pembeni. Katikati tu, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mtu aliyekaa kitako, ulikuwa unatoa jasho la manjano.

Mwanajuma alisimama mbele ya ukuta huo, kanga kiunoni, akakosa hata nguvu za kukasirika.

"Jamani," alisema. "Hata wewe ukuta?"

Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia nyumba hiyo na kihoteli cha mbele: chai, maandazi, na wali wa mchele wa Mabogini mchana. Bwana Afya alikwishamwandikia kwamba chumba cha nyuma, anamoweka unga na mchele, kina unyevu na uvundo. Kikaushwe, kipakwe, na Jumatatu atakuja kukagua. Akikikuta vile vile, hoteli inafungwa. Ikifungwa, yeye na binti yake Sophia hawana pa kushika. Hilo alilala nalo, akaamka nalo, na kwa kweli alikuwa amechoka nalo.

Ndiyo maana alimtafuta kontrakta wa kweli, si wale wababaishaji wa sokoni. Sirili wa Uru alikuwa na ngazi zake, brashi zake, vibarua wake wawili, na sifa ya kupaka maghala ya kahawa. Siku ya kwanza aligonga ukuta kwa kidole, akaunusa, akasema, "Mama Sophia, rangi ya mafuta humu itabanduka yote. Dawa yake ni chokaa ya mawe, niizime mwenyewe hapa hapa." Akachimba shimo nyuma ya nyumba, penye kichaka cha masale, akatia mawe ya chokaa na maji, shimo likachemka kutwa nzima. Mwanajuma ni mtoto wa mjini, baba Mmanyema, mama Mzigua. Aliona masale, majani ambayo Wachagga huyaheshimu, yaking'olewa, naye akafurahi tu kupata pa kuanikia vyombo.

Sasa Sirili yuleyule aliutazama ukuta uliolowa na hakutaka kumtazama yeye.

"Tutarudia," alisema.

"Mara ya ngapi, Sirili?"

"Ya nne."

"Na ukilowa?"

Alichovya brashi.

Mchana ule Sophia alikuwa mle ndani anachambua mchele. Alitoka na ungo mkononi.

"Mama," alinong'ona, "nani analeta pombe ya mbege humu?"

"Wateja hao."

"Wateja wako mbele. Hii harufu iko mle ndani. Mbege iliyolala, na moshi, na ng'ombe. Na kuna mtu anakohoa, mama. Anakohoa kizee."

"Acha uvivu, mtoto. Maliza mchele."

Lakini alikwenda mwenyewe kuumalizia. Akaketi juu ya gunia, ungo mapajani, mvua inapiga bati, akajiambia kwamba ni mvua, kwamba mvua ina sauti nyingi, kwamba mtu akichoka husikia hata yasiyokuwepo. Kisha mvua ikakatika ghafla na kukohoa hakukukatika, kukaendelea taratibu, kukavu, kwa mtu mwenye kifua cha moshi wa miaka mingi, kukitoka chini, penye lile jasho, hatua mbili kutoka magotini pake, na harufu ikamjaa puani mpaka akahisi ladha yake ulimini, na alipojaribu kusema bismillahi ulimi ukagoma, akabaki anazishika punje za mchele moja moja kana kwamba akiziachia atakufa.

Ijumaa ukuta uliamka umelowa tena, na baada ya sala aliitwa Mwalimu Zaidi, mtu mpole, msomaji mzuri, aliyewahi kutoa majini wawili Pasua na mmoja sokoni. Alifukiza ubani, akasoma saa nzima, sauti yake inatetemesha bati. Ndani mle kukawa kimya kabisa. Mwanajuma akaanza kulia kwa nafuu. Mwalimu alipofunga kitabu, ukutani mtu akasafisha koo, kwa adabu, kama mwenyeji aliyengoja mgeni amalize kuzungumza.

Mwalimu Zaidi alitoka nje akavaa viatu vyake.

"Mama, jini ningemwambia atoke, naye angejua mimi ni nani. Huyu amenisikiliza tu. Huyu ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi, mwalimu."

"Haya," alisema yule mzee kwa huruma, akaondoka zake.

Sirili alikuwa amesimama penye shimo la chokaa, amesikia yote. Akavua kofia.

"Mama Sophia, nikuambie kitu, usinipigie kelele. Chini ya yale masale palikuwa na chungu kimefunikwa kwa jiwe. Ndani yake fuvu la mtu."

Mwanajuma alishika ukuta.

"Zamani kwetu mtu akizikwa, miaka ikipita wanamfukua, fuvu linawekwa penye masale, linatazama Kibo. Huyu alikuwa na kihamba, shamba lake la ukoo, hapa kabla ya mji kuja. Nilijua, mama. Nilipoona masale tu nilijua."

"Ukajua, ukachimba?"

"Mimi nimebatizwa. Nikasema hayo yameshapita. Vibarua wangeliona wangekimbia wote, na wewe una Bwana Afya. Nikalitumbukiza kwenye chokaa ikiwa inachemka, nikalikoroga mpaka likaisha."

"Na chokaa hiyo..."

"Ndiyo hiyo. Nyingine mjini haipo."

Hakumpigia kelele. Alitaka, lakini ilihitaji nguvu, na nguvu zilikuwa zimekwisha tangu juzi.

Jumapili baada ya misa Sirili alishuka kutoka Uru na shangazi yake, Mektrida, bibi mfupi mwenye rozari shingoni, jani la masale mkononi na kibuyu cha maziwa. Sophia alimpokea kibuyu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Usiingie." Akaingia peke yake. Walimsikia akisema Kichagga, polepole, akinyamaza, akijibu. Sirili, aliyeelewa, aliziba masikio.

Mektrida alipotoka alionekana mzee zaidi.

"Mlimtawanya kuta nne, amejikusanya ule mmoja unaotazama Kibo. Hana hasira. Amechoka tu. Bomoeni ukuta, udongo wake wote tukauzike Uru penye masale, mimi nitamsindikiza."

"Nibomoe?" Mwanajuma alicheka kicheko kibaya. "Bibi, kesho saa tatu Bwana Afya yuko hapa. Akute tundu? Mwombe ukauke tu. Mengine baadaye."

"Ukimwomba hivyo, mwanangu, umemkaribisha akae."

"Mwombe."

"Sikia ninachokuambia..."

"Bibi, nimechoka! Mwombe ukauke!"

Bibi akarudi ndani na jani lake na maziwa yake. Kufika jioni ukuta ulikuwa mkavu, mweupe, wala hakuna harufu. Mwanajuma alilala usingizi wa kwanza baada ya wiki nzima.

Bwana Afya alifika na baiskeli, suruali fupi imepigwa pasi, akaingia chumba cha nyuma peke yake. Alikaa mle muda. Alipotoka alikuwa anapangusa kiganja kisichokuwa na doa.

"Hongera, mama. Kontrakta wako anajua kazi. Sijaona ukuta mkavu namna hii masika yote."

Sophia alimshika mama yake mkono. Bwana Afya alitoa karatasi, akaandika, akasita.

"Ila kitu kimoja. Yule mzee."

"Mzee gani, bwana?"

"Aliyekaa mle chini. Nimemwamkia mara mbili hakuitika, amenipa mgongo, anatazama ukuta tu. Najua, wazazi ni wazazi. Lakini chumba cha kuwekea chakula hakikai mtu, ndiyo sheria. Mhamishe. Jumatatu ijayo nitapita tena, na nikimkuta mle, nafunga."

Akapanda baiskeli yake, akaenda. Sophia alikuwa analia kimya kimya. Mwanajuma hakulia. Alijikokota hadi chumba cha nyuma, akashuka taratibu kwenye sakafu, mgongo kwenye ukuta ule. Na pembeni yake mtu akakohoa, kisha akajisogeza kidogo, kumpisha akae vizuri.