Aliyemchekesha Mjane

— Édouard wa Basoko! Hakuna mwingine! — Henri alipiga meza mpaka vikombe vya pombe ya masanga vikaruka. — Ule mutu alichekesha batu ndani ya pirogue mupaka ikapinduka. Batu banaogelea, na bangali banacheka!

— Weye ulikuwa pale?

— Tonton yangu alikuwa.

— Basi tonton yako njo muchekeshaji mukubwa. Uongo kama hii!

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa tonton Faustin, mjomba wa kila mtu, katika mitaa ya Waafrika ya Kisangani, mji ambao Wazungu wa miaka ile ya hamsini waliuita Stanleyville. Tonton Faustin alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtu wa Maniema, na kila Jumapili wanaume walikusanyika kwake kubishania jambo moja tu: nani mchekeshaji mkubwa kuliko wote tangu dunia iumbwe. Hakuna aliyewahi kushinda, na hakuna aliyewahi kuchoka.

— Miye nasema Yakubu wa Ubundu, — alisema tonton Faustin. — Alikuwa anapakua mizigo kwenye gare ya treni. Chef wa Kizungu alikuja kumufukuza kazi, akarudi ofisini anapanguza machozi ya kicheko. Yakubu akabaki na kazi yake.

— Na Évariste? Tuonyeshe bac, Évariste!

Évariste hakungoja kuombwa mara mbili. Kijana huyu Mlokele wa Isangi alifanya kazi kwenye bac, kivuko cha kwenda ng'ambo ya kushoto, na alikuwa na uso unaoweza kugeuka chochote. Akawa nahodha, akawa abiria mwenye mbuzi, akawa mbuzi mwenyewe anayemwangalia nahodha kwa dharau. Watu walishika mbavu. Hata mama Angélique, mke wa tonton Faustin, aliacha kutwanga majani ya pondu akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

— Imekwisha! — Henri alipiga kelele. — Édouard alale. Mukubwa iko huyu!

Évariste akainama kwa mbwembwe. Hapo ndipo Philomène, aliyekuwa anagawa mikate ya muhogo ya kwanga, aliposema taratibu:

— Mukubwa ni koko Hadidja.

Philomène alikuwa mtoto wa dada yake tonton Faustin, na tonton ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Alikuwa pia mchumba wa Évariste. Wazee wa Isangi walikuwa wanajiandaa kuja na mali ya ndoa.

— Koko? Bibi kizee? — mtu akauliza. — Mwanamuke?

Macho yote yakamgeukia Évariste. Na Évariste, ambaye angeuza hata shati lake kwa ajili ya kicheko, akashindwa kujizuia. Akakunja mgongo, akatafuna hewa kama bibi asiye na meno, akasinzia akisimama, akashtuka.

— Mwanamuke hawezi, chérie. Anachekesha bila kujua!

Uwanja ulilipuka. Tonton Faustin peke yake hakucheka.

— Kijana, — alisema. — Ule mwenye unamucheza, njo alinizaa.

Évariste alitamani ardhi immeze. Philomène alikuwa ameshaweka sahani chini na kuondoka.

Alimkuta nyuma ya jiko.

— Philo, nisamehe. Ilikuwa muchezo tu.

— Ulimujua koko yangu?

— Hapana. Alikufa mbele nifike huku.

— Basi ulimucheza nani? Ulicheza muzee yeyote, batu bakacheka ju ya muzee yeyote. Koko hakufanya vile hata siku moja. Ye alikuwa akicheza mutu, unamuona ule mutu. Unamuona kabisa! Na mbele ya batu wote ukasema mwanamuke hawezi.

— Bon, nilikosea. Nifanye nini?

— Sijui. Enda kwanza, Évariste. Enda.

Akaenda. Lakini niwaambie ukweli: moyoni hakuamini kwamba amekosea sana. Alidhani msichana ana kiburi cha ukoo tu, na kwamba kitambaa kizuri kutoka dukani kingemaliza maneno.

Kitambaa hakikupata nafasi. Siku chache baadaye, asubuhi, Évariste akiwa anafunga kamba za kivuko, gongo la Walokele, ngoma ya mti inayosema maneno, likalia kutoka ukingoni. Siku hizo nani wa mtoni alihitaji simu? Gongo lilisema, na kila Mlokele alisikia:

"Mzee wa reli, mume wa Angélique, mwenye uwanja wa vicheko, amelala na hataamka. Watu wa Isangi, msije na furaha. Mzee wa reli amelala."

Évariste aliiacha kamba ikaanguka majini. Tonton Faustin! Alikimbia mpaka kwa marehemu bila kuvua nguo za kazi.

Uwanja ulijaa watu, na ulikuwa kimya. Katikati, juu ya mkeka, mama Angélique alikaa na macho makavu. Hakulia, hakusema, hakumeza hata maji. Évariste alimvuta Henri pembeni.

— Namna gani? Mbona batu bamenyamaza?

— Desturi yao ya Maniema. Mutu mumoja anavaa nguo ya marehemu, anamucheza, mupaka mujane acheke. Asipocheka, hapa kwao hakuna mwenye kula, hakuna mwenye kuoga. Sasa hakuna anayesimama. Mama Angélique atakufa na njaa, ndugu yangu.

Évariste aliangalia koti la marehemu lililotundikwa mlangoni. Akamwona Philomène ameinama karibu na mwili wa mjomba wake, mabega yakitetemeka. Akasema moyoni: hii ndiyo nafasi yangu. Nitawaokoa, na Philo atanisamehe.

Akalitwaa koti, akalivaa. Akakohoa kikohozi cha tonton Faustin, akatembea kwa hatua za tonton Faustin, na kwa kweli alipatia.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alipiga yowe la hofu.

— Vua! — papa Zacharie, mdogo wake marehemu, alisimama kwa hasira. — Vua ile koti! Weye ni nani hapa?

— Papa, nilitaka kusaidia…

— Weye ni mukwe! Mukwe hachezi maiti ya bakwe zake! Mukwe anapasua kuni, anachota maji, ananyamaza! Ndiyo kusema unafurahia kifo yake? Toka! Na ambia batu ya Isangi babaki kwao. Hakuna ndoa!

— Papa Zacharie, sikujua…

— Hukuuliza!

Lile neno lilimchoma kuliko matusi yote. Ni kweli, hakuuliza. Alilivua koti, akaliweka mkekani, akatoka nje ya ua huku machozi yakimtiririka. Nje kulikuwa na rundo la magogo na shoka. Kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, akaanza kupasua kuni.

Ndipo aliposikia sauti ya papa Zacharie ikiuliza, safari hii kwa upole:

— Mupwa wa marehemu iko wapi? Mutoto wa dada yake? Hii kazi iko yake.

— Niko hapa, — alijibu Philomène.

Évariste akachungulia kati ya mianzi ya ua.

Philomène alilivaa koti. Lilimfika magotini. Alisimama kidogo, akafumba macho. Halafu akaelekea kwenye kiti cha mjomba wake, akakishika mgongo, akakitikisa, akakizunguka upande wa pili, akakitikisa tena, kama mtu anayenunua mbuzi asiyemwamini muuzaji. Akakalia nusu yake tu.

Watu walishusha pumzi kwa pamoja. Msichana hakuonekana tena. Alikuwa tonton Faustin, amekaa pale mbele yao. Évariste alikuwa ameiga kikohozi. Huyu alimleta mtu.

Tonton Faustin akachota supu isiyokuwepo, akaonja, akafumba jicho moja. Akageuka polepole kumwangalia mama Angélique, kwa huzuni ya hakimu anayelazimika kumfunga rafiki yake.

— Angélique, — akasema. — Chumvi iko congé, iko likizo?

Na mama Angélique, bila kufikiri, akajibu kwa ukali ule ule wa miaka yote ya ndoa yao:

— Kama hutaki, enda kula kwa mama yako!

Akasikia maneno yake mwenyewe. Akaziba mdomo. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, kikambeba, na katikati ya kicheko machozi yakafunguka. Akamkumbatia yule aliyevaa koti, akalia, akacheka, akaita jina la mume wake. Uwanja mzima ulicheka na kulia pamoja naye. Papa Zacharie mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta.

— Muletee mama maji ya kuoga! — mtu akaita. — Pikeni!

Évariste aliangusha shoka. Akakaa juu ya magogo. Alikuwa ameona wachekeshaji, alikuwa amejihesabu kuwa mmoja wao, lakini jambo kama lile hakuwahi kuliona. Mtu alikuwa amerudi kumuaga mkewe. Na yeye alikuwa amesema mwanamke hawezi.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, alileta mzigo wa kuni na ndoo ya maji, akaviweka mlangoni, akaondoka bila neno. Philomène alimwona, na hakumwita.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu na jirani wote wakiwa uwanjani, papa Zacharie alimsimamisha Évariste palepale na kuni begani.

— Weye. Nilisema hakuna ndoa. Kuni ya nini?

— Papa, ndoa mulikataa. Kuni hamukukataa.

Watu wakaguna kwa kicheko. Papa Zacharie hakucheka.

— Unachekesha tena?

— Hapana, papa. — Évariste aliweka mzigo chini, akapiga magoti. — Mbele ya batu wote nilitukana koko Hadidja. Mbele ya batu wote naomba musamaha. Miye nachekesha batu benye kushiba, benye kushika kikombe mukononi. Philomène alichekesha mutu mwenye alikataa hata maji. Nilijiita mukubwa, na sikujua hata ni kazi gani. Henri, Jumapili musitaje tena jina yangu.

Philomène alitoka jikoni, mikono ikiwa na unga wa muhogo.

— Évariste, unajua desturi yetu sasa?

— Nimeuliza. Nimeuliza batu wote.

— Basi unajua siku utakufa, miye siwezi kuvaa koti yako. Mupwa anacheza. Bibi ya marehemu haruhusiwi. Bibi analia tu.

— Najua, — Évariste alisema. — Ndiyo maana nilitaka kukuomba kitu kimoja. Unicheze leo. Ningali na macho ya kukuona.

Philomène akajifuta mikono, akachukua kofia ya kivuko kutoka kichwani pa Évariste, akaivaa.

Akatembea kutoka lango la ua akiwa na kifua mbele, akisalimia watu ambao hawakumsalimia. Akasimama kutema mate kwenye kiatu na kukisugua nyuma ya mguu. Watu walianza kucheka. Henri alianguka kwenye benchi. Évariste naye alicheka, kwa aibu, kwa kuwa ni kweli, hivyo ndivyo alivyokuwa.

Kisha yule Évariste wa kofia akainua macho, na ilikuwa kama amemwona Philomène jikoni. Kifua kikashuka. Mikono ikakosa pa kukaa. Mdomo ukafunguka kutaka kusema neno la kuchekesha, na neno halikuja. Akabaki amesimama anaangalia, bila mbwembwe yoyote.

Kicheko kikafa uwanjani. Évariste alijiona, na hakuwahi kujua kwamba anamwangalia hivyo. Mama Angélique akashika mkono wa shemeji yake.

— Zacharie. Umeona ile macho?

— Nimeona.

— Mutoto anamujua mume wake mupaka ndani. Unangoja nini?

Papa Zacharie alipenga kamasi, akakohoa, akajaribu kurudisha ukali usoni na akashindwa.

— Bon. Henri, enda mutoni kwa mupiga gongo. Aambie batu ya Isangi bakuje.

Philomène alivua kofia akamrudishia mwenyewe. Évariste, mchekeshaji wa kivuko, aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kupasua kuni.